Bega la Mama Posho

Kabla hajazaa, Nzembi alikuwa amekwisha kulea watoto kama mia tatu wa mtaa wa Kayole, wote kwa mdomo.

Aliendesha mashine ya kusaga unga karibu na Spine Road, na kila mwanamke aliyejifungua kuanzia pale mpaka mipaka ya Komarock alimfikia siku moja na mfuko wa wimbi na swali. Swali lilikuwa lile lile: mtoto aanze kula lini? Daktari alikuwa mbali na ana foleni. Nzembi alikuwa karibu na ana sauti. Miaka mingi ya kushindana na mngurumo wa mashine ilikuwa imempa koo la mhubiri wa sokoni, na mtu akishakuwa na koo la namna hiyo, watu huamini kwamba ana hakika.

"Miezi mitatu!" alikuwa akiwapigia kelele. "Ikikatika tu, mpe! Unangoja aote ndevu?"

Tena si kumpa chochote. Nzembi alikuwa na mchanganyiko wake aliouita uji wa saba: wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, muhogo mkavu na omena, wale dagaa wakavu wa ziwani. Wachokozi walisema kilichokosekana humo ni simiti peke yake. Nzembi aliwajibu kwamba simiti hutiwa mtoto akishaota meno.

Lydiah, mwuza viazi kutoka Murang'a ambaye wote walimwita Mama Kimani, alitii sheria hiyo kwa uaminifu. Kimani alipofikisha miezi mitatu akapewa uji wa saba, akaharisha wiki nzima. Lydiah akarudi mashineni amefura.

"Hilo ni tumbo linajifunza kazi," Nzembi akamwambia bila kupepesa jicho. "Kwani wewe siku yako ya kwanza sokoni hukuangusha viazi?"

Lydiah akageuka akaenda zake, maana kweli aliviangusha. Lakini kwenda zako si kusahau.

Hakuna aliyethubutu kumwuliza Nzembi aliyajulia wapi yote hayo, ilhali yeye na mumewe Makau, fundi wa kuchomelea madirisha, walikuwa wamemaliza miaka kumi na mitano ya ndoa bila mtoto. Kayole ina umbea wa kutosha kugawia Nairobi nzima na ukabaki, lakini hata umbea una mahali unapovua viatu. Walimwita Mama Posho, kwa huo unga aliousaga, wakaliacha hapo.

Kisha, mwaka wa 1994, Mama Posho akaanza kutapika kila akinusa omena. Mwanzoni alilaumu omena. Mwezi wa nne akalaumu mashine. Mwezi wa sita kila mtu alikuwa anajua isipokuwa yeye, na Makau, aliyejua lakini akaogopa kusema, alikuwa amekwisha kuchomelea kitanda cha chuma cha mtoto, kizito kiasi kwamba kilihitaji wanaume wanne kukiingiza chumbani.

Mtoto alizaliwa mzima, mwenye mapafu ya mama yake. Akapewa jina la mama mzazi wa Makau, Mbithe. Na Nzembi, aliyekaribia umri wa miaka arobaini akiwa Mama Posho tu, sasa akawa Mama Mbithe. Watu wakimwita hivyo alijifanya hakusikia, ili waite tena.

Baada ya miezi miwili alirudi kazini na mtoto mgongoni, kafungwa kwa leso. Mbithe aliupenda mngurumo wa mashine kama watoto wengine wanavyopenda kubembelezwa. Mashine ikiwaka, analala. Ikizimwa, anaamka na kulalamika. Jumapili, siku ambayo hakikusagwa kitu, Makau ilimbidi azunguke chumbani na mtoto begani akinguruma kwa koo, "Grrrrr, grrrrr," mpaka majirani wakauliza kama amenunua mbwa.

Miezi mitatu ikatimia siku ya Jumanne. Nzembi aliamka mapema, akapika uji wa saba kwa mikono yake, akaukoroga, akaupooza, akampakata mtoto. Akachota kijiko. Akakitazama kile kijiko. Akamtazama Mbithe, shingo bado laini kama mche wa sukuma wiki uliopandikizwa jana, mdomo mdogo wa waridi ambao haujaonja ila maziwa.

Akakumbuka wiki ile ya Kimani.

"Uji unapoa," Makau akasema kutoka mlangoni.

"Naona."

"Basi mpe."

"Mpe wewe."

"Mimi ni fundi wa madirisha, Mama Mbithe. Mtaalamu ni wewe."

Nzembi alikaa na kijiko hewani mpaka mkono ukachoka. Kisha akakipeleka kinywani mwake mwenyewe, na bakuli zima akamsukumia Makau, ambaye aliunywa wote na kulalamika tumbo mpaka jioni. Hapo ndipo mwanamke aliyewahukumu watoto mia tatu alipogundua kwamba hajui lolote, na kwamba huyu wa kwake, aliyesubiriwa miaka kumi na mitano, ndiye ambaye hawezi kumfanyia majaribio.

Akaenda kliniki. Muuguzi wa pale alikuwa Khavere, Mmaragoli mpole aliyekuwa akipigana na uji wa saba kwa miaka mingi bila kumtaja mwenyewe. Alipomwona Nzembi anaingia na kadi ya kliniki mkononi, alikaa wima kama mtu aliyeona adui anakuja na bendera nyeupe.

"Sista," Nzembi akasema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, ndogo kabisa, "mtoto anaanza kula lini?"

"Kati ya miezi minne na sita, Mama Mbithe. Kabla ya hapo, maziwa yako yanatosha."

"Kati ya minne na sita ni lini?"

"Ndiyo hapo katikati."

"Sista, katikati hapo kuna siku sitini! Nipe siku moja niiandike ukutani."

"Sina," Khavere akasema. "Atakuonyesha mwenyewe. Shingo itakaza. Atakaa ukimshikilia. Atakutazama ukila kama anayekudai. Na akianza, aanze na kitu kimoja. Kimoja, mama. Si saba."

Nzembi alirudi nyumbani na neno hilo "kimoja" likimchoma kama cheche ya Makau.

Sasa ukatokea msimu ambao Kayole haijausahau. Miezi minne ikaja, ikapita. Kila mwanamke aliyewahi kukaripiwa pale mashineni akaja kulipiza. Triza wa Bungoma, Mama Ryan, akaja na mkungu wa ndizi. "Mponde hizi na maziwa, mama. Kwetu mtoto asiyeanza na ndizi hukua mbishi." Lydiah akaja na viazi. "Mtoto wa Kayole hujengwa na waru, Mama Mbithe. Hizo nafaka zako ni za kuku." Na wote, wakiondoka, waliuliza kwa sauti tamu kama asali ya Kitui: "Kwani hukutuambia miezi mitatu? Ama unangoja aote ndevu?"

"Mganga hajigangi," Nzembi akajibu, na kwa mara ya kwanza maishani akawasha mashine ili asisikie.

Miezi mitano na nusu. Mbithe alikuwa na shingo ngumu na mapaja ya mikunjo mitatu. Mashavu yake yalikuwa yamejaa kiasi kwamba watu walianza kunong'ona. Maziwa matupu? Mashavu yale?

Ijumaa moja Lydiah alileta mahindi yake kusagwa. Nzembi alipogeuka kushika mfuko, uso wa mtoto ukatokea juu ya bega lake, macho mazito, mdomo wazi. Lydiah akasogea. Akachungulia. Akaweka mfuko chini polepole kama mtu anayejiandaa kufurahi.

"Mama Ryan!" akaita. "Mama Ryan, njoo uone! Mtoto ana uji mdomoni!"

Kweli alikuwa nao. Fizi zote mbili zilikuwa zimepakwa ute mweupe mzito, na kwenye kidevu ulikuwa umekauka kama plasta.

"Umemlisha!" Lydiah akasema. "Unatuzungusha hapa na sista wako, kumbe unamlisha kwa siri! Uji gani huo? Wa saba?"

"Naapa sijampa kitu!"

"Basi amejipikia?"

Wanawake sita waliokuwa kwenye foleni wakacheka mpaka mmoja akamwaga mtama. Lakini Nzembi hakucheka, wala hakujitetea zaidi. Alikuwa ameshika kidevu cha mtoto wake. Kama hakumlisha yeye, kimeingia nini mle mdomoni, na tangu lini? Akazima mashine. Mbithe akaanza kulia papo hapo. Nzembi akamkaza mgongoni akatoka mbio na aproni yake ya unga kuelekea kliniki, na foleni nzima ikamfuata, kwa sababu nani angebaki kulinda mahindi wakati habari inakimbia?

Khavere alimfungua mtoto, akamtazama ulimi, akambonyeza tumbo, akampima. Mbithe akamchekea. Kisha muuguzi akamtazama mama.

"Geuka," akasema.

Nzembi akageuka.

Gauni lake lilikuwa jeupe kwa unga shingoni na mabegani kote, kama lilivyokuwa kila siku ya kazi kwa miaka yote. Mahali pamoja tu hapakuwa na unga. Juu ya bega la kushoto, palipolingana na mdomo wa mtoto, palikuwa na duara lililonyonywa likang'aa, limelowa mate, limezungukwa na ukoko mgumu kama wa chapati.

Khavere akashika ukingo wa meza.

"Mama Mbithe," akasema, akijikaza, "mtoto wako ameanza kula zamani sana. Anakula gauni."

Nje dirishani Triza alipiga ukelele. Lydiah alikaa chini kabisa, barazani, akapiga mapaja. Na Nzembi, akipindisha shingo kulitazama bega lake mwenyewe, akasikia kicheko kikimpanda kutoka mbali, kikamtoka kwa lile koo lake lote, mpaka watoto kwenye foleni ya chanjo wakasahau sindano.

"Atakufa?" akauliza alipopata pumzi, machozi mashavuni.

"Hafi. Yuko sawa. Lakini unga mbichi na vumbi si chakula, usimbebe tena na nguo hiyo. Na sasa umeonyeshwa. Anataka. Shingo iko, anakaa. Kesho mpe uji, uliopikwa, wa kitu kimoja."

Kitu kimoja. Ni rahisi kusema ukiwa muuguzi. Mashine ya kusaga haisahau. Unga wa mtu hubaki tumboni mwa mashine, na anayefuata huubeba kwenda nao nyumbani, ndiyo maana wanawake hugombana kabisa wasiwe nyuma ya mwenye omena. Jumamosi asubuhi Nzembi aliifungua mashine, akaisugua kwa brashi, akaipiga makofi, akaitikisa. Bado ilitema vumbi la mahindi ya Lydiah. Ili upate wimbi mtupu, lazima wimbi wa mtu mwingine utangulie kuisafisha njia, na nani atakubali wimbi wake uwe ufagio?

Lydiah akatokea amebeba kichwani gorogoro ya wimbi, ule mkebe wa kupimia nafaka.

"Pitisha huu kwanza," akasema.

"Mama Kimani, wimbi wako utatoka mchafu. Umechanganyika na kila kitu."

"Si nitampikia Kimani? Tumbo lake lilishajifunza kazi."

Nzembi akamtazama. Akafungua mdomo kusema jambo kubwa, la kuomba radhi, lenye miezi mitatu na wiki ya kuharisha ndani yake, lakini Lydiah alikuwa ameshamimina wimbi kwenye mdomo wa mashine.

"Washa, mama," akasema. "Mtoto ana njaa, ataanza kula leso."

Uji ukapikwa pale pale nyuma, kwa jiko la makaa. Wimbi mtupu, mwembamba, wa kahawia. Makau aliacha madirisha yake akaja amevaa koti la harusi. Triza akaleta kijiko kipya. Nzembi akaoga, akavaa gauni safi la kitenge, akakaa juu ya gunia, Mbithe mapajani. Watu wakajipanga kama kanisani. Kijiko kikaenda.

Mbithe akakionja. Akakunja uso. Akausukuma uji wote nje kwa ulimi, taratibu, kwa dharau ya mtu anayerudisha barua isiyo yake. Kijiko cha pili, vivyo hivyo. Cha tatu akakipiga kofi. Kisha akajitupa mbele, akapanda kifua cha mama yake, akalikamata bega la kushoto kwa mdomo, akanyonya kitenge safi, akainua uso na kuwatazama wote kwa uchungu: wameipeleka wapi hoteli yake?

"Jaribu kesho," Triza akashauri.

Lakini Nzembi alikuwa amekwisha kuingiza kidole bakulini. Akachota uji uliopoa, akaupaka begani juu ya gauni lake jipya la kitenge. Mbithe akalirudia bega. Akanyonya. Akatulia. Akameza.

Makau ndiye aliyeanza kunguruma, "Grrrrr, grrrrr," kumpa mtoto mazingira aliyoyazoea, na wanawake wakadakia kwa vigelegele. Bakuli zima likapitia begani siku hiyo. Ilichukua wiki mbili kumhamishia kwenye kijiko.

Mwezi uliofuata akaja msichana mmoja wa Kware, mgeni, na kichanga mgongoni na mfuko wa wimbi. Akauliza lile swali. Foleni ikainamisha kichwa kusubiri ngurumo.

Nzembi akazima mashine. Ndani ya beseni kando yake, juu ya leso safi, Mbithe akaamka na kulalamika.

"Kati ya minne na sita," akamwambia kwa upole.

"Lini hapo kati?"

"Mtazame," Nzembi akasema. "Na uvae gauni safi."