Kijiti cha Bi Somoe

"Bi Somoe haoni tena," alisema mama Ismaili, akikamua maji kwenye ncha ya kanga yake. "Juzi mbuzi wangu kalia, yeye kaitikia marahaba. Na ndiye tuliyemwachia mto!"

Asumini alikuwa juu ya dungu, ulingo wa kulindia mpunga, akimnyonyesha mwanawe. Alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mvua ilikuwa ya siku kumi na moja. Kila kitu kilinuka ukungu: kanga, unga wa muhogo, hata nywele za mtoto. Ngurumo zilichanganyika na mizinga ya vita vya Mreno huko ng'ambo, mtu hujui ipi ni ipi, na kwa uchovu hukujali tena. Mpunga wa bondeni, chini ya Kilambo, ndio kwanza ulikuwa unatia maziwa. Ukiuacha siku tatu tu, ndege na nguruwe wanaumaliza. Kwa hiyo familia saba zilikuwa zinalala kwenye madungu, na wote walingoja neno la Bi Somoe.

Zamani, enzi za Mwingereza, Ruvuma ulipanda kimyakimya ukamchukulia mtoto wake wa pili. Tangu hapo kila mwaka mvua zikianza alichomeka ukingoni kijiti cha mkoko chenye mikato mitatu. Maji yakifika mkato wa kwanza, watu hufunga vyombo. Wa pili, wazee na watoto hupanda kijijini, juu mlimani. Wa tatu hakuna aliyewahi kuungoja. Kila asubuhi alikwenda kutazama, akirudi huita kwa sauti yake nyembamba, "Bado!" Watu wakaendelea kuwinga ndege.

Hata asubuhi hii alikuwa ameita bado. Asumini akamfunga mtoto mgongoni, akashuka kwenye tope, miguu mizito kama si yake.

Alimkuta bibi amerudi tena mtoni, amesimama majini hadi magotini, anapapasa mti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Asumini huyo? Umekuja kunipeleleza?"

"Nimekuja kukuona tu."

"Mama Ismaili kakutuma. Mvua yote hii, mdomo wake tu ndio haulowi." Vidole vyake vikasimama. "Mkato wa kwanza huu hapa, mkavu. Si nimesema bado?"

Asumini aliutazama ule mti. Ulikuwa mnene, na ule haukuwa mkato wa panga. Ulikuwa umelika pande zote, laini.

"Bibi," alisema polepole, "huu ni mti wa Saidi wa kufungia mtumbwi. Hapo pamelika kwa kamba."

"Changu kiko wapi?"

Kilikuwa hatua nne mbele, ndani ya maji yaendayo kasi. Ilibaki ncha tu na mkato mmoja, wa mwisho, na maji yalikuwa chini yake kwa upana wa kidole.

Asumini akamwambia. Bi Somoe alitoka majini, akachuchumaa kwenye tope kama mtu aliyetua mzigo.

"Leo mwezi una siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Bamvua. Jioni bahari itajaa, mto hautapata pa kutokea." Akajifuta uso, ingawa mvua iliulowesha tena papo hapo. "Na mimi siku zote hizi nawaambia bado."

"Nitawaambia umenituma, bibi. Nitasema umeona mkato wa tatu. Hakuna atakayejua."

"Wakidhani naona, mwakani wataningoja tena." Mtoto alikohoa mgongoni kwa Asumini. Bibi akageuza uso upande ule, akanyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mguu mdogo wenye baridi, akaukamata kidogo. "Sitaki. Nishike mkono, mjukuu wangu, unipitishe dungu kwa dungu, nikawaambie kwa kinywa changu. Ila tuanzie kwa mama Ismaili."