Sahani ya Saa Nne Usiku

Mimi nina wivu, nisidanganye mtu. Nimezeeka nao kama wengine wanavyozeeka na kikohozi. Marehemu mama yangu, kule Mgwashi nilikozaliwa, alinifunza kipimo kimoja kabla sijaolewa: mume akirudi usiku usimuulize alikokuwa, mpe chakula. Akimaliza, hakupita popote. Akichokoachokoa na kusema ameshiba, basi yuko mwanamke aliyekutangulia kumpakulia. Niliyashika maneno yale kuliko amri za kanisani, Mungu anisamehe.

Miaka ya kwanza kipimo hicho sikukihitaji. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha chai, na jioni alikuwa nyumbani kabla kuku hawajaingia bandani. Tulikula jua likiwa bado linaonekana mlimani, tukakaa tukaongea, ndipo tukalala. Kisha zikaja enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huria. Kiwanda kikaanza kutafutiwa mnunuzi, wafanyakazi wakapunguzwa, na wangu akawa mmoja wao. Hakukaa kulia. Siku hizo kila mtu aliuza alichonacho, na sisi wa milimani tulikuwa na kabichi, karoti na hoho. Akawa anakusanya mboga za wakulima na kuzipakia kwenye lori pale Lushoto, ili lishuke Mombo usiku na kuwahi soko la Dar es Salaam alfajiri. Lori halikuondoka kabla ya saa mbili. Naye akawa anafika nyumbani saa nne.

Sasa hebu tuhesabu. Kutoka sokoni hadi kwetu ni mwendo wa saa moja wa kupanda, hata kwa mtu aliyechoka. Saa nyingine ilikuwa inakwenda wapi? Nilijiuliza hivyo wiki nzima nikiwa napalilia, na majibu yote niliyoyapata yalivaa kanga.

Usiku mmoja aliacha nusu ya makande, mahindi yangu na maharage. Akasema ameshiba. Nilipolichukua koti lake nikalinusa. Mimi nilipikia kuni za muwati, na moshi wa muwati naujua hata nikiwa usingizini. Koti lile lilinuka mkaratusi. Nikasema moyoni, huu ni moshi wa jikoni mwa mtu, na jiko lina mwenyewe. Kesho yake niliongeza makande, nikayasawazisha kwa mwiko hadi ukingoni mwa sahani, nikakaa mbele yake na kibatari nikitazama kila kijiko.

Alimaliza. Mume wangu si mjinga, alijua anapimwa. Lakini unadhani nilitulia? Nilisema kumbe bado ana nafasi, na usiku uliofuata nikaongeza tena. Akitoka kwenye sahani anakwenda moja kwa moja kitandani, maana saa kumi na moja alfajiri alitakiwa awe kwenye mashamba ya watu anakata kabichi.

Mwezi wa pili wa kipimo hicho usiku wetu ukaharibika. Alikuwa akilala kidogo, mara anaketi ghafla ameshika koo, anakohoa hadi machozi, anasema maji makali yamempanda mpaka puani na kifua kinawaka moto. Asubuhi hakuweza kunywa hata chai. Mashavu yakaingia ndani. Yeye alisema ni jinamizi linamkalia. Mimi nilidhani ni dhambi zake zinamsuta, na nikaona vema, na zimsute.

Halafu nikaona jambo lililonitoa jasho. Alianza kuikagua sahani kabla ya kula. Anapindua makande kwa kijiko, ananusa, kisha ananitazama usoni. Mimi nampima yeye, kumbe naye ananipima mimi. Tukawa tunakaa hivyo kila usiku, watu wawili na kibatari.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane aliyeishi chini kule, karibu na soko. Mimi na yeye hatukuiva tangu siku ya harusi. Usiku mmoja wa mvua kubwa mwanawe alilala kwake, naye akashuhudia jinsi anavyopaliwa na kuhangaika. Kulipokucha alipanda mlima na fimbo yake hadi mlangoni kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye chungu changu. Hakukubali kukaa. Alisema mwanawe analishwa kitu. Hakutaja limbwata kwa jina, lakini ni mwanamke gani asiyeijua dawa ya kumfunga mume, inayotiwa kwenye chakula? Jumapili baada ya ibada wazee wa ukoo watakaa, akasema, na nikikosa jibu nitarudi Mgwashi na sanduku langu.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema akiondoka. "Nimemwambia mwanangu tangu alipoanza kukonda, na wewe nakwambia."

Niliumia, tena sana. Wivu, sawa, nimeshakiri. Lakini dawa? Nilikuwa na watoto wawili na mahindi yaliyoanza kubeba. Nirudi kwetu naitwa mchawi, nani angenipokea, na watoto wangebaki na nani? Nililia hadi mchana, kisha hasira ikanikausha machozi. Jioni nilimwambia mume wangu kwamba kabla ya wazee tupite kwanza zahanati, na mama yake awepo asikie kwa masikio yake. Mama mkwe alikubali upesi. Nadhani aliogopa nitamhonga daktari.

Ijumaa tukakaa watatu kwenye benchi moja, mgonjwa katikati. Daktari alikuwa mgeni kutoka Kigoma, mtu mpole, asiye na haraka. Alimbonyeza tumbo, akamwangalia koo, akauliza analala saa ngapi na chakula cha usiku anakula saa ngapi. Nikajibu mimi: saa nne, na akishakula analala hapo hapo. Mama mkwe akanikatiza. Alisema si kweli, anakula saa tatu, tena anashiba.

Daktari alinitazama mimi, akamtazama mama, kisha akamgeukia mwenye tumbo.

"Kwani unakula kwa nani?"

Mume wangu aliangalia viatu vyake.

"Nakula kote," alisema. "Bada kwa mama, makande kwa mke wangu. Kwa mama nisipokula, atasema mke wangu ananitia njaa. Nyumbani nisipokula, nitaulizwa nimekula kwa nani."

Bada ni ugali wa muhogo, na ugali huo ukishuka tumboni haubanduki kirahisi. Juu yake nilikuwa namshindilia makande. Na mikaratusi! Nyuma ya nyumba ya mama mkwe kuna mstari mzima wa mikaratusi, nimepita chini yake mara ngapi? Miezi miwili nilikuwa nikimwonea wivu ajuza mwenye fimbo. Nilitamani benchi linimeze.

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba tumbo likijazwa usiku na mtu akalala chali, chakula na tindikali yake hupanda kooni, ndiyo maana anaungua na kupaliwa. Jinamizi halimo. Akaagiza ale mara moja tu jioni, kidogo, kabla jua halijazama, akae muda wa saa tatu ndipo alale, na miguu ya kitanda upande wa kichwa iwekewe matofali. Akampa na vidonge vya kutafuna.

Njiani mama mkwe alitangulia. Nilingoja atamke kwamba kikao kimefutwa. Hakutamka. Daktari alisema habari ya saa, nikawaza, hakusema habari ya limbwata. Mama huyu bado ana lake moyoni.

Jumamosi mume wangu alikuwa sokoni, na kabla jua halijazama angeweza kuwahi nyumba moja tu, ya mama yake. Nikapika makande machache, laini, nikafunika, nikashuka nayo mlima. Nilimkuta amekaa mkekani kwa mama, amepumzika kidogo kabla ya kupakia. Hapakuwa na bada; mama hakupika jioni ile. Niliweka bakuli katikati.

Kwetu aliyepika huonja kwanza mbele ya watu, hasa pakiwa na maneno. Nilijua ninavyotazamwa, kwa kuwa mimi mwenyewe nimetazama hivyo miezi miwili. Nikachukua kijiko. Mama mkwe akanishika kifundo cha mkono.

"Acha," alisema. "Nitaanza mimi."

Akala kijiko cha kwanza, akatafuna polepole, akala cha pili. Mpaka leo sijui kama aliniamini au alikuwa anajua ninavyoteseka. Jumapili wazee hawakukaa, nami sikumuuliza, na yeye sasa ni marehemu. Aliniwekea kijiko mkononi, kisha akamgeukia mwanawe akamwambia ale upesi, jua linazama.