Mwalimu wa Sheria na Kufuli la Geti

Mnanichosha kunishikisha kalamu, na mtu mwenyewe mnaishi naye mtaa mmoja! Haya. Mwalimu wa sheria, yule mstaafu, ana mikono laini na sauti ya kubembelezea mtoto. Ukisema mbele yake, "Ni haki yangu!" atafuta miwani kwa ncha ya shati, akuulize taratibu, "Na wajibu ni wa nani?" Ukikosa jibu, anacheka peke yake. Sasa mkewe kumbukumbu zimemtoka, na akitoka nje hupotea. Majuzi binti yao kaleta kufuli la geti.

"Mama yako si mfungwa," mzee akasema. "Kutoka ni uhuru wake. Hana wajibu wa kukaa ndani ili sisi tupumue."

"Na akipotea, Baba? Sheria ndiyo itamrudisha?"

Mzee akafuta miwani, akafuta tena. Mkewe huyo kashafika barabarani na mkoba wake. Basi akavaa viatu bila soksi, akachukua sweta ya mkewe, akamfuata kwa mbali kidogo. Mama akageuka, kakunja uso.

"Wewe baba, mbona unanifuata? Nina mume mimi!"

"Barabara ni ya wote, mama. Na mimi niko huru kutembea."

"Basi tembea huko huko nyuma."

"Nitatembea huko huko."

Tangu siku hiyo kila asubuhi wanapita hivyo, mama mbele, mzee nyuma na sweta begani. Nyie wenye pikipiki mlionisumbua nisimulie, mkiwaona, punguzeni mwendo.