Fundi Anayekwenda Qatar

Jirani yangu wa hapa Utemini, fundi wa kuchomelea, ana mikono yenye makovu madogo ya cheche, na kila akimaliza geti huligonga kwa kidole na kulisikiliza. Mimi pia nachomelea. Karakana zetu zimepakana, na wateja wangu wengi wamehamia kwake. Jana aliniambia amepata kazi Qatar. Wivu ukinikaba, nikamuuliza, “Una wateja wote hawa, unakimbia nini?”

Akajibu kwa ile sauti yake ya chini, “Mageti ya mtaa huu karibu yote nimeyachomelea mimi, ndugu yangu. Mlango wa mama kule Mtinko bado ni gunia.” Akageuka, akajifuta uso. Nilitaka kumhurumia, lakini macho yangu yalikuwa kwenye pasipoti mpya iliyochungulia mfukoni mwake.