Jukwaa la Mjomba

Katika masomo yote ya uhandisi hakuna linalolaza watu kama maadili, na Mwalimu Severin alilifundisha Ijumaa mchana, wanafunzi wametoka kushiba wali na maharage. Wenzake chuoni walipewa zege na vyuma. Yeye alipewa dhamiri. Hakununa. Alikuwa Mluguru wa milimani, kule Matombo, mpole na mpenda utani, na aliamini kabisa kwamba daraja huua watu si kwa hesabu mbovu tu, bali pia kwa mtu aliyeona kasoro akanyamaza kwa kumwogopa mkubwa wake. "Semeni," aliwaambia kila wiki. "Bosi atanuna, sawa. Kununa hakuvunji mfupa." Waliokuwa macho walicheka.

Basi binti yake, Magreth, akapata mchumba wa Moshi, na sherehe ya kumuaga ikapangwa kwenye uwanja wa nyumba yao pale Kilakala. Asiyewajua Waluguru atadhani baba ndiye mwenye shughuli. Wapi! Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Mjomba mwenyewe ni Bonifasi, kaka wa mke wa Severin, mfanyabiashara wa ndizi pale Mkuyuni, mtu wa kifua mbele. Ndiye mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyeleta fundi wake, na ndiye aliyeamuru jukwaa liinuliwe juu hasa, "wakwe wa Moshi wajue wamekuja kuoa kwa watu." Kazi ya Severin ilikuwa kuvaa suti na kutabasamu.

Siku ilipofika, wanafunzi wake wachache walikuja kusaidia kupamba. Mmoja, Happiness, binti mkimya wa kiti cha nyuma, aliinama kufunga kitambaa kwenye jukwaa, akachungulia chini yake, akabaki ameinama. Kisha akamfuata mwalimu getini, alipokuwa akipokea wakwe.

"Mwalimu, samahani. Lile jukwaa siyo zima."

"Siyo zima vipi?"

"Mirunda iliyolibeba imesimama wima tu. Hakuna hata ubao mmoja wa mshazari wa kuizuia isiyumbe. Watu wakisimama, sawa. Ila akina mama watapanda wakicheza, wote kwa mdundo mmoja. Litalala upande."

Severin akageuka. Mama wakubwa na mama wadogo walikwisha kujipanga, kitenge kimoja, zawadi vichwani. Wakwe walikwisha kuketi. Bonifasi alikuwa anapiga picha na jukwaa lake.

"Happiness," akasema, "wageni wameshafika."

Hapohapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Yule bosi wa mifano yake ya darasani, yule anayenuna, leo alikuwa amevaa suti ya Severin. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Happiness hakubishana, lakini hakuondoka.

Kumwambia mjomba mbele ya wakwe kwamba jukwaa lake ni bovu ni kumtilia mchanga kwenye kitumbua, na kitumbua chenyewe ni cha ukoo mzima. Shemeji wamenyimana salamu miaka kwa makosa madogo kuliko hilo. Severin akapiga moyo konde, akaenda.

"Shemeji, asipande mtu jukwaani. Akina mama wacheze chini."

"Nani kasema?"

Angeweza kumtaja binti wa watu, lawama ikamwangukia yeye. "Mimi," akasema. "Nguzo hazikufungwa mshazari."

Bonifasi akamtazama juu mpaka chini. Kisha akapanda jukwaani na kuanza kuruka, tai ikimpiga usoni. Jukwaa likatulia tuli. Wakwe wakapiga makofi wakidhani shughuli imeanza.

"Umeona? Au nikuletee ng'ombe?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Severin alitamani ardhi immeze, lakini akaenda kusimama kwenye ngazi ya jukwaa, akaiziba. "Wewe uko peke yako, shemeji. Wao ni ukoo mzima."

MC, ambaye ukimya ulimtisha kuliko kifo, akadaka kipaza sauti: akina mama wa Uluguru leo watacheza ardhini, watimue vumbi! Na vumbi lilitimka. Wakwe wenyewe waliinuka wakaingia kati. Bonifasi alikula pilau lake amewapa watu wote mgongo.

Watu walipoanza kuondoka, Happiness alikuja akifuta machozi. "Nimekuaibisha, mwalimu. Mjomba aliruka, na halikuanguka. Labda nilikosea."

"Labda," Severin akasema. "Kesho fundi atalibomoa, na hatutajua kamwe. Ndiyo kazi yetu hii. Ukiifanya vizuri hakuna kinachotokea, halafu unachekwa kwa sababu hakikutokea. Miaka yote nafundisha, nami nimelijua hilo leo."

Akapita Mama Mkubwa Filomena, mnene kuliko wote, kiongozi wa wachezaji, viatu mkononi. "Mwalimu, umetunyima jukwaa!" akafoka. "Tazama miguu yangu, vumbi tupu! Sikusamehe!"

"Nisamehe, mama."

Hakumsamehe. Alishuka na barabara akilalamika kwa sauti, akitembea kwa miguu yake miwili, na Severin akasimama getini kumsikiliza mpaka alipokata kona.