Msafi na Vijino vya Moyo

Hospitalini walimwita Msafi, naye kwa ujinga wake akadhani anasifiwa. Kazi yake ilikuwa kubandika nyaya kichwani mwa mgonjwa na kurekodi mawimbi ya ubongo. Sasa, moyo nao haukai kimya: kila ukidunda, pigo lake hupenya kwenye mistari ya ubongo na kuacha vijino. Wenzake waliviondoa kwa kompyuta, lakini mstari wa moyo wenyewe, unaorekodiwa kando, waliuacha pale chini ya ile ya ubongo, na rekodi ya awali wakaihifadhi. Msafi alifuta vyote. Eti uchafu hauwekwi akiba.

"Moyo ni pampu tu," alijigamba kantini, pua juu. "Mimi nashughulika na akili za watu." Za kwake zilikuwa za kuazima, ila nani angethubutu kumwambia?

Basi mama yake mzazi akaanza kuanguka ovyo, mara jikoni, mara bafuni. "Mwanangu, moyo unakata kwanza, ndipo giza linakuja," akamweleza. Bwana mkubwa akacheka. Mama wa watu, kumbe hata mwili wake haujui! Akamlaza, akambandika nyaya, akarekodi. Katikati mama akanong'ona, "Baba, giza hilo." Akamwambia atulie, anamharibia mistari. Kisha akasafisha, akafuta, na jioni akamtangazia dada yake kwamba ubongo hauna neno, mama anadeka tu.

Wiki ile ile mama akaanguka kwenye ngazi, akavunjika nyonga. Daktari akaja wodini, rekodi anayo, na sauti ya mama imo.

"Hapa alisema anaona giza," akamwambia Msafi. "Kama moyo ulisimama, ndio ugonjwa wenyewe, na dawa yake ipo. Mstari wa moyo uko wapi?"

"Niliufuta."

"Na rekodi ya awali?"

Msafi akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa, kama kawaida. Dada yake, aliyekuwa kando ya kitanda, alimtazama kama mtu anavyotazama matapishi mezani.

"Msimseme mwanangu," mama akasema pale kitandani, sauti imemkauka. "Tangu utotoni anapenda usafi."

Akataka kuongeza neno, macho yakamgeuka. Msafi akamrukia, akamshika kifundo cha mkono, akawa anapapasa huku na huku akilitafuta pigo. Hakulipata.

Daktari akamsukuma pembeni. "Mtoe huyu nje," akamwambia dada, na dada akamshika shati akamtoa.