Matembezi ya Fundi Viatu

Mpaka wanafika darajani, fundi viatu alikuwa ameshaketi kwenye kila benchi lililojitokeza njiani, na kila benchi alilitafutia sababu. Hapa alitaka kutazama sanamu ya bwana mmoja juu ya farasi. Pale alitaka kuona njiwa. Kwenye benchi lililotazamana na ukuta mtupu, alisema ukuta ule umejengwa vizuri. Mkewe aliutazama ukuta, akamtazama na yeye.

Ukweli ni kwamba viatu vilikuwa vinamuua. Vilikuwa vipya, vyeusi, kazi ya mikono yake mwenyewe. Tangu siku ya harusi yake fundi yule alikuwa mtu wa ndala zilizochakaa, maana anayeshinda kwenye kigoda, viatu vya nini? Lakini binti yao alipojifungua katika mji mkuu huu wa ugenini na kuwatumia tiketi, fundi aliapa kwamba hapandi ndege na ndala. Akazitoa zile kalibu za mbao alizozichonga walipooana, moja umbo la mguu wake na nyingine la mguu wa mkewe, akashona jozi mbili.

Ya mkewe ilibaki nyumbani, chini ya kitanda, pamoja na jozi nyingine zote alizowahi kumshonea. "Ni vizuri mno, baba, nitaviharibu bure," mkewe alisema, kama alivyosema miaka yote, akavaa raba zake za sokoni. Fundi alinuna safari nzima. Mke wa fundi viatu na raba, watu watasemaje?

Tangu wafike walikuwa wamejifungia ghorofani kwa binti yao, bibi akiogesha mjukuu, babu akimbembeleza. Mji waliuona dirishani tu. Kutoka jikoni, ng'ambo ya mto, kilionekana kilima chenye mnara mweupe, na kila akiosha vyombo mkewe alikuwa akikikodolea macho. "Pale tutafika, mimi na wewe, kwa miguu," alisema. Leo binti amewapa ruhusa, na kesho wanarudi kwao. Kwa hiyo ni leo au basi tena.

Ndiyo hiyo siku iliyofika, na fundi anakufa na tai shingoni. Alijitahidi kuuona mji, lakini mtu mwenye malengelenge anaona nini? Aliona watu wanatembea mbio kama wameacha jiko linawaka nyumbani. Aliona mbwa wamevaa makoti. Mkewe alimsalimia kila waliyepishana naye, na mmoja akageuka nyuma kutazama anayesalimiwa ni nani. Mkewe alicheka mpaka akashika ubavu. Fundi alicheka kidogo, kwa heshima, huku dole gumba likimpwita. Wapita njia wote alikuwa akiwatazama miguuni tu, akiwaonea wivu.

Pale darajani hapakuwa na benchi. Fundi akaegemea ukingo.

"Maji mengi," alisema.

"Ni mto," mkewe alijibu. "Ulitaka uwe na nini?"

Kilima sasa kilikuwa mbele yao kabisa, na njia ya kukipanda ilikuwa ya mawe, imejikunja kunja mpaka juu. Fundi aliitazama, akahisi machozi yanamlenga. Mtu mzima!

"Sema tu," mkewe alianza, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko miguu ya fundi. "Kule kwetu nikikwambia tutoke, una kazi ya mtu. Jioni, una kazi ya mtu. Nikasema huku hana kazi ya mtu, huku atatembea na mimi. Kumbe hutaki tu. Basi turudi, nikafunge mizigo."

Akageuka kweli. Fundi alimwona anaondoka na raba zake, mgongo umemwinama kwa uchungu, na aibu yote ikamwisha.

"Viatu!" alipaza sauti. "Viatu vinanibana, mama watoto! Vimenitoa ngozi!"

Mkewe alisimama. "Si umevishona mwenyewe?"

"Kwa ile kalibu ya harusi."

Huyu ndiye fundi ambaye hakubali kumshonea mteja bila kumpima upya, hata akirudi kila mwaka. "Mguu unapanuka na umri," huwaambia, na atakueleza utake usitake. Yeye mwenyewe hakuwahi kujipima hata siku moja.

Na kama kuna jambo linalompandisha hasira, ni mtu kukanyaga kiatu nyuma na kukigeuza ndala. Ameshawafukuza wateja kwa kosa hilo. Pale darajani aliinama, akazikunja zile sehemu za nyuma, ngozi ngumu aliyoichagua mwenyewe, akazikanyaga kwa visigino vyake vyote viwili. Iliuma moyoni. Miguuni ilipungua.

"Twende," alisema.

Walipanda taratibu, amemshika mkewe mkono, viatu vikiburuzika kwenye mawe, watalii wengine wakiwapita. Walifika juu wamechoka hoi. Mkewe alilitafuta dirisha la jikoni ng'ambo ya mto, akalikosa. Madirisha yalikuwa mengi na yote sawa.

"Ni lile pale," fundi alisema, akionyesha lolote.

"Ndiyo, ni lile," mkewe alikubali, akijua anadanganywa. Wakakaa kwenye ngazi ya mnara. Fundi akavua viatu, akaviweka kando.

"Nikirudi ile kalibu yangu naichoma moto," alisema.

"Choma na yangu."

"Yako ina kosa gani?"

Mkewe aliendelea kutazama mto. "Inabana. Tangu mtoto wa pili."

Fundi alihesabu kichwani jozi zote zilizo chini ya kile kitanda, na kila moja alikumbuka alivyoinunia. "Kwa nini hukusema?"

"Watu wote ulikuwa unawapima," mkewe alisema. "Nikawa nangoja zamu yangu."

Fundi alishuka ngazi moja, akapiga magoti kwenye jiwe baridi mbele ya watalii wote, akafungua kamba za raba, akautoa mguu wa mkewe. Ulikuwa mpana, wenye nundu pembeni ya dole gumba, na hakuufahamu hata kidogo. Hakuwa na futi wala karatasi. Akatandaza kiganja, akaanza na shubiri kutoka kisiginoni.

"Tulia," alimwambia, kama anavyowaambia wateja.

"Basi usinitekenye," mkewe alijibu.